Tukiishiwa nguvu tubaki hapohapo?

Mwaka 2006 niliandika tangazo la mistari mitatu lililofanya meza nzima ya wakata minofu iangue kicheko. Kicheko chenyewe nimekisamehe. Kilichokuja baada yake ndicho kinachonifanya niandike haya leo.

Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha samaki hapa mwambao wa Mwanza. Jina la kiwanda halitusaidii kitu. Nilikuwa naandika sangara wametoka boti ipi, kilo ngapi, wangapi wamekataliwa kwa kulegea nyama. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na tabia ya kusoma kila karatasi ya Kiingereza iliyofungiwa vitumbua, kwa hiyo sifa ikaenea kwamba huyu kijana Kiingereza kinapanda. Ukishapata sifa ya namna hiyo kazini, umekwisha. Barua ya benki inaletwa kwako. Maelezo ya dawa ya minyoo yanaletwa kwako. Na siku moja meneja wa zamu akaniletea tangazo.

Mwaka ule ulikuwa wa mgao wa umeme. Mvua zilikuwa zimegoma, mabwawa yamepungua maji, na bwawa la Mtera lilitajwa redioni kila jioni kama mgonjwa wa ukoo. Jenereta yetu ilibeba vyumba vya baridi tu. Taa za ukumbi wa minofu na mashine za kuchuna ngozi zilikuwa zinazimika katikati ya kazi, na watu wanabaki wamesimama gizani na visu mkononi. Tangazo la meneja lilikuwa la kuweka utaratibu. Lilisema kwamba "power" ikipotea, "workers" wabaki kwenye meza zao mpaka irudi, na "casuals" watoke nje ya eneo. Basi.

Mimi na kamusi yangu iliyochanika jalada tukaketi. "Power", kamusi ikasema: nguvu. "Casual" ikasema: -sio rasmi. Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa kalamu nene:

IKITOKEA KUPOTEA KWA NGUVU, WAFANYAKAZI WABAKI KATIKA NAFASI ZAO MPAKA NGUVU ZIRUDI. WATU WASIO RASMI WATOKE NJE.

Nikalibandika karibu na beseni la kuoshea buti, nikajiona msomi.

Wa kwanza kulisoma alikuwa Shangazi. Hakuwa shangazi yangu. Kiwanda kizima kilimwita hivyo. Mama wa makamo, mkono mwepesi kuliko wote: sangara wa kilo nne akishalala mbele yake, kisu kinapita mgongoni mara moja, kinageuzwa, na mnofu unatoka umenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Akasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno. Akanigeukia.

"Mwanangu, tukiishiwa nguvu tubaki hapohapo?"

"Mpaka zirudi!" mwenzake akaitikia kutoka meza ya nyuma.

"Na zisiporudi?"

Hapo ndipo ukumbi ulipoanguka. Watu walicheka mpaka mmoja akalazimika kuweka kisu chini. Nami nikacheka, ningefanya nini. Halafu Shangazi akasoma sentensi ya pili, na safari hii hakucheka.

"Na hawa wasio rasmi ni akina nani?"

Zaidi ya nusu ya watu waliokuwa wamesimama pale walikuwa vibarua. Wengine walikuwa na mwaka wa tano kwenye meza ileile. Hakuna aliyejibu.

Siku hizi napata riziki kwa kutafsiri: mikataba ya pango, barua za wafadhili, maelekezo ya chakula cha sato wa kwenye vizimba. Maneno magumu ya kitaalamu hayanisumbui, maana yana wenyewe na ukiwauliza watakuambia. Yanayonisumbua ni yale mawili ya tangazo lile, "power" na "worker", ambayo kila mtoto wa darasa la tano anadhani anayajua.

Kiingereza kinaweka mambo mengi kwenye kikapu kimoja cha "power". Taa zikizimika, ni "power" imekwenda. Chama kikishinda uchaguzi, kiko kwenye "power". Mbili zidisha mbili zidisha mbili ni mbili kwa "power" ya tatu, ambayo sisi kwenye hesabu tunaiita kipeo. Karatasi ya kumpa ndugu yako idhini ya kuuza kiwanja kwa niaba yako nayo ina "power" kwenye jina lake. Mwingereza anapita katikati ya hayo yote bila kujikwaa, kwa sababu hana haja ya kuchagua. Sisi lazima tuchague. Umeme, nguvu, uwezo, mamlaka, madaraka, enzi, dola, idhini: ukifungua mdomo tu umeshasema ni ipi, na mara nyingi umeshasema ni ya nani.

Neno lenyewe Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kuweza. Mpaka leo "pouvoir" ya Kifaransa ni kitenzi cha kuweza na ni jina la utawala pia. Kwa hiyo ukitafuta ndugu wa damu wa "power" katika Kiswahili, si nguvu. Ni uwezo. Kamusi yangu iliyochanika ilinipa binamu.

Lakini uwezo wetu nao una mambo yake. Mwambie mtu wa Mwanza kwamba fulani ana uwezo, hatakuuliza anaweza nini. Ameshaelewa: ana pesa. Capri Point, na nyumba zake zilizopanda mawe kutazama ziwa, ni mtaa wa wenye uwezo. Ukienda Mabatini au Igogo, ambako nyumba nazo zimepanda mawe, ila kwa sababu nyingine, utakuta neno jingine, limeandikwa nyuma ya mkokoteni: mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Msemo huo tumeuzoea mpaka hatuusikii tena. Lakini utazame. Unasema kuna watu wana mtaji, na kuna watu wana nguvu badala ya mtaji. Nguvu ni kile unachouza kama huna uwezo. Ni maneno mawili ya pande mbili za mji, na Kiingereza kinayaita kwa jina moja. Mtaalamu akija na ripoti yake ikisema wavuvi wadogo hawana "power", mimi mtafsiri nabaki nimeshika kichwa. Hawana nguvu? Njoo uwaone wanavyovuta nyavu saa tisa za usiku.

(Na nguvu zenyewe zina hatari yake nyingine. Tazama vikaratasi vilivyobandikwa kwenye nguzo za mji huu, utaona vinatangaza nguvu za aina gani, na namba ya simu iko chini. Neno hilo si la kubandika ukutani ovyo, kama nilivyojifunza.)

Waliotafsiri Biblia walikutana na shida hii kabla yangu, na waliitatua vizuri kunishinda. Kwenye Sala ya Bwana, ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu. Lakini Paulo anapowaandikia Warumi kuhusu wakubwa wa serikali, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia neno lilelile la "power", na ya Kiswahili inaliacha nguvu inachukua mamlaka: hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Walijua kwamba Mungu kuwa na nguvu ni jambo moja, na ofisa kuwa na muhuri ni jambo jingine. Hebu badilisha uone: hakuna nguvu isiyotoka kwa Mungu. Ingekuwa dini nyingine.

Mtaani tumeamua kukata mzizi wa fitina, tukachukua neno lenyewe. Pawa. Pawa benki ya kuchajia simu. Pawa tila ya kulimia mpunga. Fundi pale Nyakato atakwambia oili ya pawa imeisha ndiyo maana usukani mgumu, au kwamba gari halivuti, halina pawa. Na mtu akirudi kutoka ofisini mikono mitupu atasema yule jamaa niliyemtegemea hana pawa mle ndani. Ni Kiswahili tayari, mimi sina ugomvi nacho. Lakini angalia: hata tulipolikopa hatukulikopa lote. Sijawahi kusikia mtu wa Mwanza akisema pawa imekatika. Ni umeme unakatika, na hautakuwa kitu kingine.

Mpwa wangu wa kike yuko sekondari, na ndiye aliyenirudisha kwenye jambo hili mwezi uliopita. Alikuwa anakariri fizikia kwa sauti, akizunguka meza. Watoto wetu wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakifika sekondari masomo yanageuka Kiingereza, na njia rahisi ya kuvuka mto huo ni kukariri. Alichokuwa anakariri ni kwamba "power" ni kasi ya kufanya kazi: chukua kazi iliyofanyika, gawanya kwa muda. Nikamwambia arudie. Akarudia bila kusita, kama shairi. Nikamuuliza maana yake nini. Akanitazama kama mtu aliyeombwa nauli.

Jumamosi nikamchukua mpaka Mwaloni, pale Kirumba.

Asiyepajua Mwaloni apate picha: boti zimejazana mpaka huoni maji, dagaa kwa magunia, sangara wa chumvi wanaoitwa kayabo wamepangwa kama mbao, wafanyabiashara wa kutoka Kongo na Burundi wanabishana bei kwa Kiswahili cha kwao, na katikati ya yote hayo makuli. Kuli anavaa kata ya kitambaa kichwani, anainama, gunia linapandishwa, anatembea haraka kwa sababu mzigo ukiuchelewesha unaongezeka uzito. Tukakaa kwenye kivuli cha lori, nikamwambia atoe daftari.

Tukachukulia gunia ni kilo 50. Bodi ya lori iko juu kama mita moja na nusu. Shuleni kwao kila kilo huvutwa chini na ardhi kwa nyutoni 10, kwa hiyo kulipandisha gunia hilo ni kazi ya jouli 750. Kijana tuliyekuwa tunamtazama alikuwa analisukuma juu kwa muda wa kusema "haya!", sekunde moja hivi. Jouli 750 kwa sekunde moja: wati 750. Mpwa wangu akapekua ukurasa wa nyuma wa daftari, akanyamaza, halafu akasema, "Mjomba, nguvu ya farasi mmoja ni wati 746."

Hatukupanga. Lakini ndivyo hesabu ilivyotoka, na yule kijana akachukua gunia jingine.

Hapo nikamsimulia habari za James Watt, yule Mskoti ambaye jina lake limekuwa kipimo. Alikuwa na injini za mvuke za kuuza, na wateja wake walikuwa watu waliokuwa wakizungushia mashine zao kwa farasi. Mteja haulizi nadharia. Anauliza injini hii itaniondolea farasi wangapi. Watt akakadiria farasi mmoja anafanya kazi kiasi gani kwa dakika, akaweka namba, na biashara ikaenda. Ndiyo hospawa hiyohiyo wavuvi wetu wanayoitaja wanapochagua injini ya boti, kumi na tano au arobaini. Kwa hiyo kipimo hiki kilizaliwa dukani, kwenye mazungumzo ya nani aondolewe kazini. Safari ile walikuwa farasi.

Mpwa wangu akauliza swali ambalo sikulitarajia. Yule kuli anayelitoa gunia botini mpaka kwenye lori, hatua mia moja za tambarare, fizikia inasema amefanya kazi kiasi gani dhidi ya uzito wake? Nikafikiri. Kwenye tambarare gunia halipandi wala halishuki. Jibu la kitabu ni sifuri. Akacheka, akafunga daftari, akasema hilo jibu asingependa kwenda kumwambia yule kaka.

Basi hapo ndipo lilipo neno la pili.

Kiingereza cha kila siku kinasema "worker" kwa mtu yeyote anayefanya kazi, lakini si kweli kwamba ni yeyote. Mkurugenzi wa benki anafanya kazi toka asubuhi hadi usiku na hutasikia akiitwa hivyo. Neno linanuka mafuta ya mashine na vumbi la shamba. Likitaka kupanda ngazi, linavaa sifa mbele: wa afya, wa ustawi wa jamii, wa ofisini. Au linageuka pongezi, kwamba fulani ni "worker" hodari, sisi tungesema mchapakazi. Hata nyuki wana wao: wanaofanya kazi zote za mzinga, kutafuta chavua, kulinda, kusafisha, kulisha watoto, ni majike watupu, na madume hayafanyi hata moja kati ya hizo. Nilipowasimulia akina mama wa mezani habari hiyo, hakuna aliyeshangaa.

Kiswahili chetu ni kikali zaidi, maana kinagawa watu kwa namna wanavyolipwa. Mkulima si mfanyakazi. Jembe na nyundo kwenye bendera ya chama tawala vinasema hivyo wazi: jembe la mkulima, nyundo ya mfanyakazi, watu wawili tofauti. Mvuvi naye si mfanyakazi. Anayepanda boti ya mtu mwingine huku kwetu ni baharia, na mwenye boti ni tajiri, hata kama boti ni moja na imezibwa kwa viraka. Mafuta na chakula vinatolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa, na mwezi ukiwa mkubwa hakuna dagaa wala mgawo. Mwalimu wa shule ya serikali ni mtumishi, neno ambalo Mwingereza akitafsiriwa atadhani mwalimu anafua nguo za watu. Anayefua nguo za watu ndiye mfanyakazi. "Mfanyakazi wangu kaondoka bila kuaga": kila msomaji anajua mama huyu anamzungumzia dada wa jikoni, wala si mhasibu wake.

Halafu kuna kibarua. Neno hili ni barua ndogo. Kikaratasi ambacho mtu wa kutwa alipewa kuonyesha kwamba siku yake imehesabiwa, na jina la karatasi likamshika mtu mwenyewe. Ndugu yake ni manamba wa mashamba ya mkonge, waliobeba namba mpaka wakaitwa namba. Lugha yetu, naona, haikumpa mtu huyu jina kutokana na alichokifanya. Ilimpa jina la ushahidi wake.

Marehemu baba yangu alikuwa anashona viatu Makoroboi. Mwaka 1983 ilipokuja Sheria ya Nguvukazi, mtu mzima wa mjini alitakiwa aonekane ana kazi inayotambulika, la sivyo arudishwe kijijini akalime. Tazama neno lenyewe: nguvukazi. Kiswahili kiliyafungisha ndoa maneno yangu mawili ya shida, kwa sheria ya Bunge. Wakaguzi wakamkuta baba na sindano mdomoni na kiatu cha mtu magotini, wakamuuliza, "Mzee, unafanya kazi wapi?" Akasema hapa. Wakasema hapa si mahali, hapa ni chini ya mti. Alipata leseni baadaye, leseni ndogo ya rangi ya majani aliyoitunza ndani ya Biblia mpaka anakufa. Alikuwa akilisimulia hilo kila tulipomwuliza kwa nini hacheki na watu wa sare. "Nguvu nilikuwa nazo," anasema, "na kazi nilikuwa nayo. Kumbe sikuwa nguvukazi."

Na si kwamba wakubwa wetu hawalipendi neno kazi. Wanalipenda sana. Baada ya uhuru ilikuwa Uhuru na Kazi. Mwaka 2015 ikawa Hapa Kazi Tu, na ikakaa mpaka kwenye ubavu wa meli: MV Mwanza Hapa Kazi Tu, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Mwaka 2021 ikawa Kazi Iendelee. Mwaka huohuo Mei Mosi ya kitaifa ilifanyika hapa kwetu, uwanja wa CCM Kirumba, ya kwanza kwa Rais Samia akiwa Rais. Nilikuwa nje ya geti. Ndani, wafanyakazi wamevaa fulana za vyama vyao, wamepumzika kwa sheria. Nje, vijana wa maji ya chupa na karanga walikuwa wanafanya kazi kuliko siku zote za mwaka. Mmoja nilimpa pole na kazi. Akaitikia tu, ahsante. Kiingereza hakina salamu hiyo, na sijui wanaishije bila hiyo, maana ndiyo njia pekee niliyonayo ya kumwambia mtu kwamba ninamwona bila kumuuliza karatasi.

Waingereza wenyewe, kumbe, hawana uhakika na neno lao. Sheria yao ina vikapu vitatu: mwajiriwa kamili, huyu "worker", na anayejitegemea. "Worker" yuko katikati. Hana haki zote za mwajiriwa, lakini ana kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama yao ya Juu ilitoa hukumu kuhusu madereva wa Uber. Kampuni ilikuwa inasema hawa si watu wangu, kila mmoja anafanya biashara yake. Mahakama ikasema ni "workers". Na kilichonifanya nisome hukumu ile mara mbili ni jambo la pili: muda wa kazi si ule tu wa kuwa na abiria kwenye gari. Dereva akishawasha programu, yuko ndani ya eneo lake, yuko tayari kupokea safari, anahesabiwa yuko kazini. Hata kama anasubiri.

Niliposoma hapo nikamkumbuka Shangazi.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilivyotungwa, ilitaja mkataba wa muda usiotajwa, wa muda maalumu kwa wenye taaluma na mameneja, na wa kazi maalumu. Sisi mwaka 2006 pale ukumbini hatukuwa na habari nayo. Tulichokijua ni kwamba watu wa mwezi wanalipwa kwa mwezi, na vibarua wanalipwa kwa saa. Umeme ukikatika, kibarua akitolewa nje ya geti, saa yake inasimama. Wanakaa chini ya mwembe ng'ambo ya barabara, aproni zimekunjwa magotini, masikio yamesimama kusikiliza mashine. Zikiunguruma wanarudi mbio, maana anayechelewa anakuta meza imejaa. Mara nyingine ilikuwa saa moja. Mara nyingine nne. Hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya tangazo la meneja, na kwa Kiingereza lilikuwa limelala vizuri tu, halina kosa: "power", "workers", "casuals".

Baada ya kile kicheko nililibandua tangazo langu mwenyewe, nikaenda nalo nyumbani. Usiku, kwa koroboi, nikaliandika upya bila kamusi. Nilijiuliza nini hasa kinatokea, nikaandika kinachotokea:

UMEME UKIKATIKA, WALIOAJIRIWA KWA MWEZI WABAKI MEZANI. VIBARUA WATOKE WAKASUBIRI NJE YA GETI. MUDA WA KUSUBIRI HAUTALIPWA. UMEME UKIRUDI, WOTE WARUDI KAZINI.

Asubuhi nikampelekea meneja. Alikuwa anasoma Kiswahili vizuri kuliko alivyopenda tujue. Akaweka karatasi mbili sambamba, ya kwake na ya kwangu, akahesabu mistari kwa ncha ya kalamu. Akaniuliza mbona ya kwangu ni ndefu. Nikasema Kiswahili kina maneno marefu. Akaweka ncha ya kalamu kwenye sentensi ya tatu.

"Hii iko wapi kwenye ya kwangu?"

Nikatazama. Haikuwepo. Niliijua ilipokuwa, lakini haikuwepo.

"Tafsiri kilichoandikwa," akasema, bila ukali wowote, na akarudi kwenye simu yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na karani wa mizani naye alikuwa kibarua. Nikaketi pale kwenye mizani, nikaandika upya kwa karatasi safi, herufi kubwa, sentensi tatu. Nikabandika.

Shangazi alikuja na beseni lake la barafu. Akasoma kama siku ile, kidole kikifuata maneno. Alipofika mwisho akatikisa kichwa kukubali. Maneno safari hii yalikuwa safi.

"Na kule nje tukisubiri?"

"Haikuandikwa, Shangazi."

Akanitazama kidogo. Kisha akachukua chuma cha kunolea, akapitisha kisu mara tatu, akavuta sangara wa kwanza.